Ndama aliyepigwa na baridi: usikimbilie maziwa

Wafugaji wenzangu wa Makete, Njombe na huku Uporoto, Juni na Julai sakitu ikianguka, ndama aliyezaliwa usiku hukutwa asubuhi amelala ubavu, mdomo wa baridi kama jiwe. Naomba sana, usimmiminie maziwa. Ndama asiyeweza kunyonya kidole chako hawezi kumeza vizuri. Maziwa yataingia mapafuni, na utampoteza kwa jambo ulilolifanya kwa huruma.

Mkaushe kwanza kwa gunia au khanga kuukuu, mpaka manyoya yasimame. Mlaze juu ya majani makavu, kisha mwekee kifuani na tumboni chupa za maji ya moto zilizozungushiwa kitambaa. Miguu iache kwanza, kiwiliwili ndicho kinachohitaji joto. Jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa hapana kabisa: hewa yake inaua ndama, na wewe pia.

Pima joto kwa njia ya haja kubwa kila nusu saa. La kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 39.5. Akifika 38 na ananyonya kidole, mpe dang'a (maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa) ya vuguvugu, ikiwezekana ndani ya saa 6 tangu azaliwe.

Mwanakondoo au mwanambuzi aliyepita saa 5 tangu kuzaliwa, akiwa chini ya nyuzi 37, huwa ameishiwa sukari mwilini. Huyo mwite mtaalamu wa mifugo amchome glukosi kabla hujampasha joto, maana akipashwa bila sukari anaweza kushikwa na degedege akafa.