Jinsi ya Kuingiza Konsoli ya Michezo ya Video Katika Soko la Japani

Kampuni ya kigeni inayotaka kuuza konsoli nchini Japani inapaswa kukubali mapema kwamba soko hilo lina wenyewe. Nintendo ilianza kuuza Famicom tarehe 15 Julai 1983 kwa yeni 14,800, Sony ikafuata na PlayStation tarehe 3 Desemba 1994, na katika miaka yote hiyo hakuna konsoli ya kampuni isiyo ya Kijapani iliyowahi kuongoza mauzo huko. Microsoft, pamoja na utajiri wake wote, iliuza Japani Xbox 360 zipatazo milioni 1.6 katika maisha yote ya konsoli hiyo, ilhali Nintendo Switch imevuka milioni 30. Mwongozo huu umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya yale ambayo Microsoft ilipatia na yale iliyoharibu, kwa kuwa ndiyo kampuni ya kigeni iliyong'ang'ania soko hilo kwa muda mrefu zaidi katika karne hii.

Anza na gemu, mashine ifuate

Mnunuzi wa Kijapani, kama mnunuzi wa kwingineko, hununua konsoli kwa sababu kuna gemu anayotaka kuicheza. Msomaji aliyezoea vibanda vya gemu vya mitaani kwetu, ambako mpira wa miguu ndio unaoleta wateja, asidhani kwamba gemu hizo hizo zitauza konsoli Tokyo au Osaka. Kwa miongo kadhaa gemu zilizowapanga Wajapani foleni ni zile ndefu za visa, ambamo mchezaji huongoza kundi la mashujaa kwa makumi ya saa, na Dragon Quest pamoja na Final Fantasy ndizo zinazotajwa kwanza. Kwa hiyo kazi ya awali, ambayo ianze miaka mitatu au zaidi kabla ya uzinduzi kwa sababu gemu za namna hiyo hazitengenezwi haraka, ni kuzifuata kampuni za Kijapani zenye ujuzi huo na kuzipa sababu ya kibiashara ya kuja kwako.

Sababu ya kibiashara ni nini, Sony iliionyesha vizuri. Katikati ya miaka ya 1990 gemu za Super Famicom, konsoli ya Nintendo iliyofuata Famicom, ziliuzwa katika kaseti, ambazo zilikuwa ghali kutengeneza na zilihitaji kuagizwa muda mrefu kabla ya kufika dukani, kiasi kwamba Final Fantasy VI ya mwaka 1994 iliuzwa kwa yeni 11,400. Sony, iliyokuwa na uzoefu wa biashara ya muziki, ilileta diski za CD, ambazo gharama yake ilikuwa ndogo na ambazo zingeweza kuchapwa upya haraka pindi gemu inaposhika. Kampuni ya gemu haikulazimika tena kukisia idadi ya nakala na kubaki na shehena isiyouzika. Square, kampuni iliyotengeneza Final Fantasy, ilihama, Final Fantasy VII ikatoka kwenye PlayStation tarehe 31 Januari 1997 kwa yeni 6,800, na Japani peke yake ikauza zaidi ya nakala milioni tatu. Square ilihamia mahali ambapo ingepata nafasi kubwa ya kuhifadhi picha na sinema zake huku hatari ya hasara ikipungua, na mazungumzo yoyote na kampuni ya Kijapani yafaa yaanzie hapo, kabla ya chakula cha jioni na kubadilishana kadi za biashara.

Microsoft iliuelewa ukweli huu katika awamu yake ya pili, ile ya Xbox 360. Hironobu Sakaguchi, muasisi wa Final Fantasy, alianzisha kampuni ya gemu ya Mistwalker mwaka 2004, na Microsoft ikagharimia gemu zake mbili kubwa, Blue Dragon na Lost Odyssey. Katika Blue Dragon wahusika walichorwa na Akira Toriyama, mchoraji wa Dragon Quest, na muziki ukatungwa na Nobuo Uematsu, mtunzi wa Final Fantasy, na sijui ni majina gani mengine yangeweza kuwa na uzito zaidi ya hayo machoni pa mchezaji wa Kijapani wa wakati ule. Kilichoharibu ni kalenda. Xbox 360 iliingia madukani Japani tarehe 10 Desemba 2005, na Blue Dragon ikatoka tarehe 7 Desemba 2006, kwa hiyo kwa karibu mwaka mzima konsoli ilikaa rafuni bila ile gemu iliyokusudiwa kuiuza, na maduka yakaizoea kama bidhaa isiyotoka. Gemu iliyobeba matumaini yako ikichelewa, chelewesha na mashine. Hasara ya kusubiri miezi kadhaa hurudishika, lakini sifa ya bidhaa iliyododa haifutiki kwa kizazi hicho chote.

Mfano wa pili unahusu mikataba. Tales of Vesperia ilitoka kwenye Xbox 360 tarehe 7 Agosti 2008, na kwa mara ya kwanza konsoli hiyo ikaadimika katika maduka ya Japani kwa sababu wanunuzi walikuwa wengi kuliko shehena. Mwaka uliofuata gemu hiyo hiyo ikatoka kwenye PlayStation 3 ikiwa imeongezewa wahusika na sehemu mpya, na wale waliokuwa wamenunua Xbox 360 kwa ajili yake wakabaki na toleo pungufu. Anayeandika mkataba wa gemu ya konsoli moja ahakikishe kwamba kipindi cha upekee ni kirefu vya kutosha, na kwamba nyongeza yoyote itakayotengenezwa baadaye kwa konsoli nyingine itawafikia pia wateja wake wa mwanzo bila malipo. Kifungu hicho kina gharama, lakini bila hicho unakuwa umemlipia mshindani wako matangazo.

Kisha ipo bajeti ya kudumu, na hapa ndipo ninapoilaumu Microsoft zaidi kuliko penginepo. Baada ya juhudi za mwaka 2006 hadi 2009 kuanza kuipa kundi dogo la wachezaji waaminifu, nguvu zake zilihamia kwenye Kinect, kifaa kilichohitaji mchezaji asimame na kurusha mikono katika sebule pana ambayo familia nyingi za mijini Japani hazina. Kisha Xbox One, iliyozinduliwa katika nchi 13 tarehe 22 Novemba 2013, ikaifikia Japani tarehe 4 Septemba 2014. Ni kweli kwamba hata Sony iliwachelewesha Wajapani, maana PlayStation 4 iliuzwa kwanza Marekani na kufika nyumbani kwake miezi mitatu baadaye, lakini mwenyeji husamehewa mengi ambayo mgeni hasamehewi. Fedha za soko la Japani zitengwe kwa vizazi viwili vya konsoli kwa pamoja, na zisiwe mikononi mwa ofisi inayoweza kuzihamisha robo moja ya mwaka ikienda vibaya.

Umbo, vitufe na mahali pa kuchezea

Xbox ya kwanza ilikuja na kidhibiti cha mkono kikubwa mno, kwa hiyo Japani ikatengenezewa kidogo zaidi, ambacho baadaye kilipendwa hata Marekani na kuchukua nafasi ya kile kikubwa. Hilo lilikuwa jambo zuri, ila sanduku lenyewe lilibaki lile lile zito, lililokusudiwa kabati za televisheni za Marekani. Pima mashine yako kwenye rafu ya chumba cha kupanga cha Tokyo kabla ya kuidhinisha umbo lake. Xbox Series S ya mwaka 2020, iliyo ndogo na ya bei nafuu, iliheshimu jambo hilo kuliko zote zilizoitangulia, na tena iliuzwa Japani siku ile ile ya uzinduzi wa dunia.

Mambo madogo ya mkononi yachukuliwe kwa uzito huo huo. Nchini Japani duara ni alama ya jibu sahihi, ndiyo mwalimu anayoichora kwenye daftari, na alama ya X ni kosa. Kwa sababu hiyo konsoli za PlayStation zilizouzwa Japani zilitumia kitufe cha duara kukubali na cha X kukataa, kinyume cha Marekani na Ulaya, hadi PlayStation 5 ilipokuja mwaka 2020 na kuwalazimisha watu wote watumie X kukubali. Mchezaji aliyezoea duara kwa miaka 25 alijikuta akifuta alichokusudia kukichagua. Sony ingeweza kuacha chaguo hilo lianze kwa duara pale mashine inapowekwa kwa lugha ya Kijapani, na sioni ilipata faida gani kwa kutofanya hivyo.

Mahali pa kuchezea ni suala kubwa zaidi. Monster Hunter, ambayo huwawezesha wachezaji hadi wanne wasaidiane kumwinda mnyama mmoja, ilipata umaarufu wake mkubwa Japani ilipohamia kwenye PSP, mashine ya kubebeka ya Sony, kwa sababu wanafunzi wanne wenye mashine mfukoni waliweza kukaa kwenye mgahawa baada ya masomo na kuunganisha mashine zao bila televisheni wala intaneti. Toleo la tatu la PSP, lililotoka tarehe 1 Desemba 2010, lilivuka nakala milioni nne. Mfululizo huo ulipohamia Nintendo 3DS mwaka uliofuata, PS Vita, mrithi wa PSP, ilianza maisha yake ikiwa imenyang'anywa mhimili wake. Ongeza kwamba tangu Puzzle & Dragons ya mwaka 2012, simu ndiyo imekuwa ikichukua muda wa abiria wa treni. Konsoli inayokaa chini ya televisheni peke yake, katika soko hili, inauzia sehemu tu ya wateja, na kampuni isiyo na mashine ya kubebeka yafaa angalau iwe na njia ya kuendeleza gemu ile ile kwenye simu.

Uzinduzi na ukaguzi

Tarehe 22 Februari 2002 Bill Gates mwenyewe, mwasisi wa Microsoft, alikuwa Shibuya, Tokyo, kuuza Xbox za kwanza. Muda mfupi baadaye wanunuzi wakaanza kulalamika kwamba mashine inakwaruza diski, na habari hiyo ikaifunika ile sherehe. Weka mafundi na vipuri ndani ya nchi kabla ya siku ya kwanza, pokea mashine yenye kasoro bila kumhoji mwenye nayo, na tangazo la kuomba radhi litoke mapema, kwa jina la kiongozi.

Gemu zote zipitie CERO, taasisi inayopanga umri wa wachezaji tangu mwaka 2002. Mwaka 2022 The Callisto Protocol ilifutwa Japani kwa kuwa haikupata kibali na watengenezaji wake hawakutaka kupunguza ukatili uliomo. Toleo la Japani lipangwe tangu mwanzo.

Bei na walanguzi

Ukikosea bei, irekebishe upesi na uwafidie waliokuamini. Nintendo 3DS ilianza kuuzwa tarehe 26 Februari 2011 kwa yeni 25,000, ikasuasua, na tarehe 11 Agosti mwaka huo huo ikashushwa hadi yeni 15,000. Walionunua kwa bei ya kwanza walipewa gemu 20 za zamani bure, na rais wa kampuni, Satoru Iwata, akajikata nusu ya mshahara wake. Mashine hiyo ikaja kuuza mamilioni kwa mamilioni nchini humo.

Tatizo la siku hizi ni kwamba yeni imedhoofika, na mashine ya bei ya Kijapani huchukuliwa na walanguzi na kuuzwa nje ya nchi. PlayStation 5 ilifikia yeni 79,980 mwezi Septemba 2024, bei inayomfukuza kijana. Nintendo ilijibu kwa njia ya busara ilipoleta Switch 2 tarehe 5 Juni 2025: toleo la lugha ya Kijapani pekee kwa yeni 49,980, na toleo la lugha nyingi kwa yeni 69,980. Sony ikafuata mwezi Novemba mwaka huo kwa PlayStation 5 isiyo na diski, ya Kijapani pekee, kwa yeni 55,000. Kampuni mpya iige mpango huo, na mashine hiyo ya bei nafuu ikubali akaunti za Japani tu.

Kuhusu foleni, bahati nasibu ndiyo desturi iliyokubalika, mradi iwe na masharti ambayo mlanguzi hawezi kuyatimiza kwa wingi. Wakati wa PlayStation 5 yalikuwapo maduka yaliyoandika jina la mnunuzi juu ya boksi ili lisiuzike tena kama jipya. Duka la Nintendo la mtandaoni lilidai kwamba mwombaji wa Switch 2 awe amecheza Switch kwa saa 50 au zaidi na awe amelipia huduma ya mtandaoni kwa jumla ya mwaka mmoja, na bado watu milioni 2.2 wakaomba. Mgeni asiye na wateja wa zamani hana kumbukumbu za namna hiyo za kuchujia. Afadhali agawe shehena ya kwanza kwa maduka makubwa kama Yodobashi Camera na Bic Camera, kwa sharti kwamba kila mashine iuzwe kwa mteja anayefika mwenyewe, boksi lifunguliwe mbele yake, na usajili ufanyike hapo hapo kaunta.