Kufuga Messor cephalotes, yule chungu mkubwa mwekundu wa Bonde la Ufa: mambo ya mwaka wa kwanza

Kuna chungu huku kwetu upande wa Gilgil na Naivasha ambaye watu Ulaya wanamlipia hela ndefu na sisi tunapita juu yake kila siku tukienda shamba. Jina lake la kisayansi ni Messor cephalotes. Malkia ni mwekundu na anakaribia sentimita mbili na nusu, ukimweka kwa kiganja unahisi kabisa kuna mtu amekaa hapo. Wengi wakimwona wanasema siafu, lakini si siafu, siafu ni wala nyama na wanahamahama, huyu ni mvunaji, anaokota mbegu za nyasi anazipeleka ghalani chini ya ardhi kama mkulima tu. Na pamoja na umaarufu wote huo, mambo yaliyoandikwa kuhusu maisha yake ni machache sana, ndio maana naandika hii, ili ukianza usipoteze malkia kwa makosa ambayo mimi nishayafanya.

Mimi nafuga koloni moja (yaani malkia na wafanyakazi wake wote) kwa chumba cha sayansi cha shule ninayofundisha, na kabla hata ya kununua tyubu tulianza na karatasi. Hapa sitaki tuelewane vibaya. Kenya chungu ni mnyamapori kama wanyamapori wengine, huwezi kumchukua tu porini ukamfuga au kumuuza bila kibali cha KWS (shirika la serikali la wanyamapori), na kama unafanya utafiti NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) nao wamo. Mnakumbuka Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walishikwa kaunti ya Nakuru na malkia kama 5,000 wamefungiwa kwa tyubu na pamba, na tarehe 7 Mei mahakama ikawapiga faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au miezi 12 jela. Mimi hiyo kesi iliniuma kwa sababu nyingine kabisa: malkia 5,000 ni makoloni 5,000 ambayo yangekuwa yanatawanya mbegu na kugeuza udongo huko nyikani. Kwa hivyo pata kibali kwanza, chukua malkia mmoja, na asitoke nchini.

Malkia anapatikana msimu wa kuruka, baada ya mvua kushika. Wanatoka na mabawa, wanapandana na madume, halafu malkia anatua, anayang'oa mabawa mwenyewe anaanza kutafuta pa kuchimba. Huyo asiye na mabawa anayetembea peke yake haraka haraka ndiye unamtaka, yule ambaye bado ana mabawa mwache kwanza, inawezekana hajapata dume. Na tafadhali usichimbe kichuguu. Koloni inategemea malkia mmoja, ukimtoa huyo umeua nyumba nzima, na wafanyakazi utakaowabeba hawawezi kukuzalia mfanyakazi hata mmoja.

Sasa nyumba ya kwanza ni tyubu ya maabara tu. Zile za kawaida za milimita 16 ni nyembamba kwa malkia mkubwa hivi, tafuta za milimita 20 mpaka 25. Jaza maji karibu nusu, sukuma pamba mpaka iguse maji na ikaze vizuri (isipokaza maji yanavuja na malkia anazama, na ukiikaza kupita kiasi pamba inakauka upande wake), acha nafasi ya sentimita tano sita hivi, ingiza malkia, funga mdomo na pamba kavu. Basi. Hakuna chakula. Najua roho inakuuma kumwona hana kitu lakini huyu malkia hali chochote mpaka watoto wa kwanza watoke, anatumia mafuta ya mwili wake na ile misuli ya mabawa ambayo sasa hana kazi nayo. Ukimwekea mbegu saa hiyo unamletea ukungu tu.

Halafu mweke gizani na umwache. Hapa ndio watu wengi wanaharibu na mimi nikiwemo. Malkia wangu wa kwanza nilikuwa namchungulia kila jioni na tochi ya simu, kila jioni kweli, siku ya tisa nikahesabu mayai kumi na mbili nikafurahi nikaita na wanafunzi waone, siku ya kumi na moja hakukuwa na yai hata moja. Alikuwa ameyala. Malkia akihisi mahali si salama anarudisha mayai tumboni, kwake ni chakula asipoteze nguvu bure, na akifanya hivyo mara mbili tatu akiba inaisha anakufa. Yule wa pili nilimfunga na karatasi nyekundu (chungu rangi nyekundu hawaioni vizuri) nikamweka ndani ya kabati la vitabu, mbali na mlango unaobamizwa, mbali na friji kwa sababu ile mtetemo wa mota unawasumbua, na nikawa naangalia mara moja kwa wiki, sekunde chache, narudisha.

Joto nalo watu wanalikosea. Wanaposikia chungu wa Afrika wanafikiria jangwa, wanamchoma na taa. Gilgil iko kama mita 2,000 juu ya bahari, usiku kuna baridi ya kuvaa sweta, na huyu anaishi chini ya udongo ambako joto halipandi halishuki sana. Mimi nashikilia nyuzi 24 mpaka 27 na naona anaenda vizuri. Julai chumba kikipoa sana naweka tyubu ndani ya boksi la maboksiboksi, yaani boksi dogo ndani ya kubwa na magazeti katikati, na chupa ya maji ya vuguvugu pembeni isiyogusa tyubu. Juani usiweke kabisa, tyubu ya glasi kwa jua inapikika dakika chache. Na hana haja ya kulazwa usingizi wa baridi kama wale chungu wa Ulaya, huyu ni wa tropiki.

Kwangu mfanyakazi wa kwanza alitoka siku ya 58. Nilibahatika kuiona ile siku. Pupa (buu aliyetulia anayegeuka kuwa chungu kamili) wa chungu hawa hawana kifuko, wako uchi, weupe kama punje ya mchele uliopikwa, na unaona miguu imekunjwa kifuani. Macho ndio yanaanza kuwa meusi, nukta mbili tu, baadaye taya zinapata rangi, halafu mwili wote unakuwa kama chai ya maziwa. Malkia alikuwa anamlamba mmoja bila kuacha, anamvuta mguu taratibu na taya, yale mataya ambayo unaona kabisa yanaweza kukata ngozi, na yule mtoto akanyoosha mguu mmoja, akatulia, akanyoosha wa pili. Ilichukua kama dakika arobaini. Wanafunzi sita walikuwa wamesimama na hakuna aliyeongea.

Hao wa kwanza ni wadogo sana kuliko watakaokuja baadaye, usishtuke, malkia amewajenga kwa mwili wake mwenyewe. Wakishafika watatu wanne ndio unaanza kulisha. Mbegu ndogo kwanza: wimbi, uwele, mbegu za nyasi, ufuta kidogo. Mtama baadaye wakipatikana wafanyakazi wenye vichwa vikubwa, hao ndio wapasuaji wa mbegu. Mfanyakazi anaishika punje anaizungusha, anatafuna ganda analitupa, wanakaa watatu wanne wanaitafuna na kuilowesha mate mpaka inakuwa donge kama ugali mdogo, na hilo donge ndilo linalopelekewa mabuu.

Na sasa sikiliza hili kwa makini kuliko yote: MBEGU ZA KUPANDA ZA AGROVETI USIWAPE. Zile zenye rangi ya pinki, kijani au bluu zimepakwa dawa ya wadudu na ukungu. Hata zile zisizo na rangi siziamini. Nunua wimbi la kula, lile la uji, au chakula cha ndege, au vuna mbegu mwenyewe mahali ambapo unajua hakupuliziwi dawa. Nilipoteza wafanyakazi kumi na moja kati ya kumi na tisa kwa siku mbili kwa sababu mtu wa nia njema alileta mbegu bila kuniambia zimetoka wapi, walikuwa wanatembea wakiyumba, wanaanguka chali, miguu inatetemeka, hakuna unachoweza kufanya ila kutoa mbegu na kungoja. Dawa ya mende ya kupuliza na ile ya mbu ya kuchoma pia zisiingie chumba hicho hata siku moja, na kama shule au nyumba inapuliziwa hamisha koloni jengo lingine kwa wiki kadhaa.

Mbegu peke yake haitoshi mabuu wakue. Mara mbili kwa wiki nawapa kipande cha nyenje au panzi, nachemsha kwanza sekunde chache ili utitiri wanaokaa juu ya wadudu wafe, kipande chenyewe kidogo tu, kesho yake nakitoa kilichobaki kabla hakijaoza.

Wakifika kama thelathini wanahitaji uwanja wa kutokea. Mimi nilitumia kontena la plastiki la supamaketi lenye mfuniko, nikatoboa nikapitisha bomba kutoka kwa tyubu. Ukingoni pakaa poda ya talki iliyokorogwa na spiriti, ikikauka wanateleza hawapandi (soma kibandiko, poda nyingi za watoto siku hizi ni unga wa mahindi na hazifanyi kazi). Kwa kiota cha kudumu usitumie plasta ya jasi, chungu wa kundi hili wana taya za kutafuna mpaka nje. Glasi au akriliki ndio salama. Cha muhimu zaidi kiwe na vyumba viwili vya hali tofauti, kimoja chenye unyevu kwa malkia na watoto, kingine kikavu kabisa kwa ghala, kwa sababu mbegu zikikaa kwa unyevu zinaota. Ukiwaona wanabeba mbegu wanazitupa nje uwanjani basi ghala lako lina maji, wao wanakuambia kabla wewe hujaona. Tyubu ikichafuka usiwamwage, unganisha tyubu mpya safi, funika hiyo mpya iwe giza, ile ya zamani iache kwa mwanga, watahama wenyewe wakiamua, inaweza kuchukua usiku mmoja au wiki mbili.

Mwisho, weka daftari. Tarehe, joto, mbegu gani walichagua na gani waliacha, mayai yalionekana lini, pupa lini, nani alikufa. Andika hata kama unaona ni upuuzi. Daftari letu sasa lina kurasa 74 na kuna mtoto wa kidato cha pili ambaye amegundua kwamba koloni yetu inaacha ufuta kabisa wiki ambazo kuna pupa wengi inachukua wimbi tu, mimi sikuwa nimeona. Tumeanza kupima gramu kila Jumatatu tuone kama ni kweli.