Jinsi ya kubadilisha sindano iliyolika kwenye radiogramu ya zamani

Sindano iliyolika haiharibu sauti peke yake, inaila santuri yenyewe. Sindano mpya utaipata, lakini mfereji wa santuri ukishachimbwa hautengenezeki. Kwa hiyo ukisikia "s" za mwimbaji zinapasuka, hasa nyimbo zikikaribia katikati ya santuri, acha kupiga mpaka umalize kazi hii.

1. Pima katriji kwanza, yaani kile kifaa kwenye ncha ya mkono wa mashine kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme wa sauti. Washa radiogramu, weka swichi upande wa santuri badala ya redio, kisha gusa ncha ya sindano polepole kwa brashi laini. Ukisikia mkwaruzo wa nguvu kwenye spika, katriji ni nzima. Kama redio inasikika vizuri lakini brashi inasikika kwa mbali, usinunue sindano bado. Katriji nyingi za miaka ya 1950 zina fuwele ya chumvi ya Rochelle, na chumvi hiyo huvuta unyevu hadi ikaharibika. Kwa hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja, usishangae kuikuta imekufa. Hapo dawa ni kufunga katriji ya kauri, ambayo haiogopi unyevu.

2. Chomoa waya ukutani. Usifungue nyuma: kapasita za redio ya valvu hubaki na umeme hata baada ya kuzima.

3. Soma namba ya katriji. Sindano hununuliwa kwa namba hiyo, si kwa jina lililo kwenye kabati. Mashine ya santuri ya kampuni ya BSR au Garrard unaweza kuikuta ndani ya radiogramu yenye jina jingine kabisa. Piga picha ya chini na ya ubavuni.

Angalia pia ukubwa wa ncha. Santuri za 78 (zile za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika) zinataka ncha yenye nusu kipenyo cha mikroni 75 hivi; LP (santuri ndefu za mwendo wa polepole) za mono, yaani za sauti ya mkondo mmoja, mikroni 25. Ndiyo maana katriji nyingi zina kijiti cha kugeuza, upande mmoja "78", wa pili "LP". Ncha ya LP kwenye 78 huzama hadi chini ya mfereji na kusomba vumbi. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na sauti ile ilitoka kwenye santuri za 78. Mwenye nakala moja nyumbani asiiguse kwa ncha isiyo yake.

4. Toa ya zamani. Shika kichwa cha mkono kwa vidole viwili. Kama kuna skrubu ndogo, ilegeze. Kama ni ya kubana, ivute kwa ukucha. Mkia wa sindano umelala kwenye kipanda cha mpira, kama uma mdogo. Ukiupinda pembeni unaweza kuvunja fuwele, kwa hiyo taratibu.

5. Weka mpya. Futa vumbi, laza mkia katikati ya kipanda, bana, kisha geuza kijiti uone kinazunguka bila kukwama.

6. Pima uzito ambao sindano inakandamizia santuri. Mizani ndogo ya sonara inafaa. Weka ncha juu yake katika kimo kilekile cha santuri. Kwa katriji nyingi za kauri, gramu 4 hadi 8 zinatosha. Rekebisha kwa springi ya mkono. Nyepesi mno nayo ni mbaya, sindano itarukaruka na kuchubua mfereji.

7. Jaribu kwa santuri usiyoionea uchungu. Katriji ya mono ya zamani usiipigie santuri za stereo, maana haichezi juu na chini, na itazikwangua. Na unaposafisha santuri za 78, spiriti ikae mbali: inayeyusha shelaki, utomvu uliotumika kutengeneza santuri hizo. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha, kisha kausha papo hapo.