Somo: Skana ya mkono kwenye kaunta ya duka

Juzi nilikuwa nikimfundisha binti aliyeanza kazi kwenye kaunta yetu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi. Aliigandamiza skana, kile kifaa cha kusoma msimbo wa mistari ulio kwenye bidhaa, juu ya pakiti ya unga kana kwamba anapiga muhuri. Haikusoma, akadhani ameiharibu. Wengi tulianza hivyo, kwa hiyo hili ni kwa ajili yao.

Kwanza chomeka waya wa USB kwenye kompyuta, fungua Notepad (programu ya kuandika maandishi), piga skana bidhaa yoyote. Namba zikitokea, kifaa ni kizima. Kompyuta huiona skana kama kibodi: namba huingia palipo na kishale, yaani kile kistari kinachomweka mahali pa kuandika. Kishale kikibaki kwenye bei, tarakimu 13 za msimbo zitaingia kwenye bei, na foleni inakungoja urekebishe.

Pili ni umbali. Anza na sentimita 10 hivi, kisha sogea taratibu. Mwanga mwekundu ukate mistari yote, hadi kwenye nafasi nyeupe za pembeni. Inamisha mkono kidogo, kwa sababu plastiki inayong'aa hurudisha mwanga moja kwa moja na kuipofusha skana.

Maziwa ya pakiti ndiyo mtihani wenyewe. Yakitoka kwenye friji yana umande, na pakiti imekunjamana. Futa kwa kitambaa, tandaza mistari kwa vidole viwili, ndipo ubonyeze.

Tatu, ukisikia mlio, tazama skrini kabla ya kubonyeza tena. Mlio wa pili ni pakiti ya pili kwenye risiti, na mteja ndiye atakayeilipia. Skana ikikataa kabisa, andika namba zilizo chini ya mistari. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na 12 zilizotangulia, hivyo programu inayoikagua itakataa ukikosea hata moja.

Jioni futa kioo chake kwa kitambaa laini, kikavu.

Maswali ya wanachama

Dada wa Kayole: Namba inaingia, lakini kila mara lazima nibonyeze Enter.
Jibu: Dada, kwenye kijitabu cha skana kuna msimbo wa kuongeza Enter. Upige mara moja tu. Ule wa kurudisha mipangilio ya kiwandani ufunike kwa kidole, usije ukasomwa.

Kaka wa Gikomba: Yangu inasoma sabuni vizuri, QR (ule msimbo wa mraba) haisomi.
Jibu: Huenda hiyo ni ya leza, ambayo husoma mistari pekee. QR inataka skana ya kamera, ambayo pia husoma kwenye kioo cha simu.

Mama wa Eastleigh: Nikihesabu stoki kwenye Excel napata 6.16E+12.
Jibu: Mama, chagua safu nzima, uiweke kwenye muundo wa Text (maandishi) kabla ya kuanza kupiga skana.

Kaka wa Gikomba tena: Namba ikianza na 616, bidhaa ni ya Kenya?
Jibu: Hapana, kaka. Inaonyesha tu kwamba namba ilitolewa kupitia GS1 Kenya, shirika linalotoa namba za misimbo. Mteja akiuliza ilikotengenezwa, msomee maandishi ya pakiti.