Namna ya Kujadili Pengo la Ujira Baina ya Wanawake na Wanaume
Kabla ya kusimama kwenye mdahalo hapa Tanga, tenganisha hoja mbili zinazochanganywa mno: ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na tofauti ya wastani wa mapato ya wanawake na wanaume wote. Ya kwanza ishikize kwenye Ibara ya 23 ya Katiba, inayompa kila mtu, bila ubaguzi, haki ya ujira unaolingana na kazi yake. Ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo ninayoijali zaidi: katika shamba la mkonge, uliza nani hukata, nani huanika singa (nyuzi za mkonge), na nani aliyeamua thamani ya kila kazi. Mpinzani akidai kwamba mwanamume ndiye mlezi wa familia, mjibu kwa upole kwamba kinacholipwa ni kazi.