Kuona au Kukanyaga: Kupanga Safari ya Wawili hadi Barafu za Kusini

Wanandoa wengi wanaonijia kwa safari hii huanza na bei. Mimi huwarudisha nyuma: mnataka kuiona Antaktika, au kuikanyaga? Mkishajibu, mengine yanajipanga.

Hatua ya 1: Meli

Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu Antaktika. Inapita mbele ya barafu, mnapiga picha, inageuza. Ndogo hushusha watu kwa boti za mpira, na hata hapo hawazidi 100 nchi kavu kwa wakati mmoja, ndiyo maana kuna zamu. Kubwa ni nafuu zaidi: mnapanda Chile, San Antonio au Valparaíso, mnaelekea kusini kupitia fiodi (yaani hori ndefu zilizochimbwa na barafu katikati ya milima), Punta Arenas, Ushuaia (mji wa Argentina), Rasi ya Horn (ncha ya kusini ya Amerika Kusini), na mara nyingi mnamalizia Buenos Aires. Ndogo nyingi huondokea Ushuaia.

Mkibishana, chukueni ndogo. Anayeogopa baridi anaweza kubaki kabini. Anayetaka pengwini hana pa kushukia kwenye kubwa.

Angalieni pia bei: huandikwa kwa kichwa, ndani ya kabini ya watu wawili. Zidisheni mara mbili kabla ya kushangilia. Na semeni mapema kwamba mnataka vitanda viunganishwe, la sivyo mtakuta viwili vimetengana.

Hatua ya 2: Viza

Njia hii huvuka mpaka wa Chile na Argentina zaidi ya mara moja, kwa hiyo kama pasipoti yenu inahitaji viza, ombeni ya kuingia mara nyingi. Anzeni miezi kadhaa kabla. Chile ni wakali kwa matunda, mbegu, asali na nyama mbichi. Mimi na mke wangu tulikumbuka chungwa tukiwa tayari kwenye foleni. Tukalitaja kwenye fomu, likatupwa, basi. Lisilotajwa ndilo huleta faini.

Hatua ya 3: Kabini

Tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wahenga hawakuwa wakizungumzia kabini, lakini hapa methali inafaa ilivyo: omo (mbele ya chombo) hupanda na kushuka, tezi (nyuma) hivyo hivyo, katikati ndiko kuliko tulivu. Mlango wa Drake, kati ya Rasi ya Horn na visiwa vya Antaktika, una upana wa kama kilomita 800, na meli huchukua takriban siku mbili. Chagueni katikati, sakafu ya chini, hata kama dirisha ni dogo.

Kama hamvuki Drake, tazameni upande. Kwenye Mfereji wa Beagle, mkielekea mashariki kwenda Ushuaia, mito ya barafu ya Romanche, Alemania, Francia, Italia na Holanda iko kaskazini, yaani kushoto kwenu. Meli ikirudi magharibi, ni kulia.

Hatua ya 4: Begi

Msimu ni Novemba hadi Machi. Vaeni nguo kwa tabaka. Koti moja zito halitoshi. Betri ya kamera ikae mfuko wa ndani, baridi huimaliza upesi. Dawa ya kulevywa na bahari mnywe kabla ya kutoka kwenye Mfereji wa Beagle, si baada ya kuanza kutapika, na muulizeni mfamasia kwanza. Bima igharimie kuhamishwa kwa dharura.

Hatua ya 5: Siku ya barafu

Kabla ya kushuka, mifuko ya nguo hufyonzwa vumbi na buti husuguliwa kwa dawa, ili msipeleke mbegu wala ugonjwa. Kuingia botini, msimpe baharia kiganja: mshike mkono chini ya kiwiko, naye akushike hivyo hivyo. Kiganja kilicholowa huteleza.

Injini ikizimwa, nyamazeni. Vipande vya barafu vinavyoelea hutoa mlio kama soda iliyomiminwa sasa hivi. Ni hewa ya zamani inayotoka kwenye vipovu vyake.

Nchi kavu, kaeni mita 5 kutoka kwa pengwini, na msipige magoti wala kuketi thelujini, kwa sababu ya homa ya ndege. Wao hawana sheria hiyo. Mmoja alimfuata mke wangu hadi kwenye buti, akalitazama, akapiga chafya, akaondoka zake.