Somo: Kulaza gari gerejini msimu wa baridi, hasa ukisafiri kwenda nyumbani

Ikifika Oktoba, wengi wetu tulioko Minnesota na majimbo ya jirani tunaanza kusaka tiketi za Nairobi, Dar au Mombasa, na gari linaachwa gerejini miezi miwili, mitatu, pengine mpaka Aprili. Wapo pia wenye gari la pili wasilotaka liguse chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Somo hili linawafaa wote.

Kabla hatujaanza, jambo moja likae kichwani: baridi yenyewe hailidhuru sana gari. Vinavyoharibu ni unyevu uliokosa pa kutokea, chumvi, na panya. Karibu kila hatua hapa chini inapambana na kimojawapo, kwa hiyo ukijua sababu utaamua mwenyewe lipi linaweza kusubiri.

Hatua ya 1: Osha, halafu ukaushe kweli

Kuosha bodi tu hakutoshi. Chumvi hujificha chini ya gari na ndani ya matao ya tairi, na huko huvuta unyevu hewani ikaendelea kula chuma hata gari likiwa ndani. Gereji yenye hita hailiokoi gari lenye chumvi. Kutu hukimbia zaidi kwenye joto na majimaji kuliko kwenye baridi kali. Tafuta sehemu ya kuoshea yenye maji yanayorushwa kutoka chini.

Ukimaliza, usiende moja kwa moja kuegesha. Zunguka kama dakika 20, ukikanyaga breki mara kwa mara, ili diski zikauke. Zikilala na maji, pedi hushikana nazo kwa kutu.

Kisha toa mikeka yote. Chukua karatasi ya jikoni, ibonyeze kwa nguvu kwenye zulia chini ya miguu ya dereva, uhesabu mpaka kumi. Ikitoka na maji, theluji ya viatu vyako imeingia hadi kwenye sponji ya chini, na huko haitakauka yenyewe mlango ukifungwa. Weka feni mpaka karatasi itoke kavu. Wengi hulikuta gari linanuka ukungu kwa kuruka hapa.

Hatua ya 2: Mafuta, oili na kulanti

Petroli nyingi ya Marekani ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli huvuta maji. Mimina dawa ya kutunza petroli kwenye tangi, jaza hadi karibu kujaa, halafu endesha gari dakika kumi hivi ili dawa ifike mpaka kwenye nozeli. Tangi lililojaa halina nafasi kubwa ya hewa yenye unyevu.

Badilisha oili kabla ya kulaza, si baada. Oili iliyotumika ina asidi na maji, na hutaki vikae ndani ya injini miezi yote hiyo.

Kulanti, yaani dawa ya kupozea injini isiyoganda, ikichanganywa nusu kwa nusu na maji huhimili takriban nyuzi 37 za Selsiasi chini ya sifuri. Kama gari ulilinunua Texas au Florida, pima, kwa sababu huko mtu anaweza kuongeza maji matupu na asione tatizo.

Hatua ya 3: Betri

Alamu na kompyuta za gari hunyonya umeme hata gari likiwa limezimwa. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, nayo haigandi hata kwenye baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri. Iliyokwisha chaji huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, na ikiganda inaweza kupasuka.

Kama una soketi gerejini, nunua chaja ndogo ya kutunza betri, ile inayojizuia yenyewe betri ikijaa. Usiache chaja ya kawaida ikisukuma umeme wiki nzima. Huna soketi? Fungua waya wa hasi, au toa betri uihifadhi ndani.

Hatua ya 4: Tairi na breki

Ongeza upepo kidogo juu ya kawaida, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Upepo hushuka kama psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi) kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, na tairi laini iliyokaa sehemu moja hubonyea upande mmoja.

Handbreki usiivute, huweza kugandamana. Weka gia ya P, au gia ya kwanza kwa manyuo, na kabari mbele na nyuma ya tairi.

Hatua ya 5: Panya

Baridi ikianza, panya hutafuta mahali pakavu, na boksi la filta ya hewa linawafaa sana. Hutafuna nyaya, na bili yake inaweza kuzidi nauli yako ya kwenda nyumbani. Ondoa kila kinacholika ndani ya gari, hata pipi za watoto na makombo chini ya viti. Usiweke gunia la mbegu za ndege au chakula cha mbwa gerejini.

Ziba bomba la moshi na mdomo wa kuvutia hewa kwa stiliwaya isiyo na sabuni, na kila donge ulifunge utepe mwekundu unaoning'inia nje. Halafu andika kwenye karatasi, "Stiliwaya mbili, nyuma na mbele", uibandike katikati ya usukani. Mtu akiwasha gari bila kuitoa, injini inaweza kuivuta ndani.

Hatua ya 6: Kufunika

Nyumbani tumezoea turubai la nailoni kwa ajili ya jua na vumbi. Huku liache. Mchana hewa ya gereji ikipata joto kidogo, bodi bado ni ya baridi, na maji hujikusanya juu ya chuma kama kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Nailoni huyafungia hapo hapo juu ya rangi. Ndani ya gereji nunua kava la kitambaa laini kinachopitisha hewa, la kipimo cha gari lako. Kava kubwa mno hukusanya mikunjo ndani.

Subiri injini ipoe kabisa. Kunja vioo, weka kitambaa kati ya waipa na kioo cha mbele ili mpira usigande. Anza kutandaza kutoka juu ya paa kwenda mbele na nyuma. Usiliburute, maana chembe moja ya mchanga iliyoshikwa na kitambaa inatosha kukwaruza rangi. Madirisha yafungwe yote kwa sababu ya panya; unyevu wa ndani waachie mifuko ya chembe za kufyonza maji, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Winnipeg: Jirani amejitolea kuliwasha kila Jumamosi dakika kumi. Nimkubalie?*

Mshukuru, dada yangu, lakini hapana. Dakika kumi hazitoshi kupasha oili wala kukausha bomba la moshi, kwa hiyo unaongeza maji badala ya kuyaondoa. Pia moshi wa gari ndani ya gereji una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inaua. Mwombe achungulie tu chaja na mitego ya panya.

*Mzee wa Columbus: Kijana, turubai la plastiki nimeshanunua. Ndiyo hasara?*

Shikamoo mzee. Si hasara. Litandaze sakafuni kabla ya kuingiza gari. Zege hupitisha unyevu wa ardhini, na plastiki itauzuia usipande chini ya gari. Juu weka kitambaa.

*Kaka wa Leeds: Sina gereji, nina uwanja wa nyumba. Na kodi ya barabara?*

Kaka, nje tafuta kava la kupitisha hewa linalozuia mvua, lenye kitambaa laini ndani, na ulifunge vizuri chini. Likipigapiga kwa upepo litasugua rangi. Uingereza, gari likikaa kwenye uwanja wako unaweza kutangaza SORN, yaani tamko kwamba gari haliko barabarani, kwa DVLA, mamlaka ya leseni za magari, usitishe kodi. Likiwa barabarani, huwezi.

*Dada wa Minneapolis: Nikate bima miezi hiyo?*

Usikate yote. Wizi, moto na mti kuangukia gereji havisubiri urudi. Piga simu uulize kama wanaweza kupunguza, ibaki ile ya gari lililolala. Kama bado unalipa mkopo, benki huenda isikubali, kwa hiyo waulize kwanza. Na asiliendeshe mtu mpaka bima kamili irudishwe.

*Kaka wa Toronto: Langu ni la umeme.*

Usiliache likiwa asilimia 100 wala karibu na sifuri. Karibu nusu ni pazuri. Kisha soma kitabu cha gari, kwani watengenezaji wengine hutaka libaki limechomekwa na kikomo cha chaji kimewekwa. Usisahau kwamba nalo lina betri ndogo ya volti 12, na hiyo ikifa hata milango inaweza kukugomea.